Magwanda ya Marehemu Adamu

Mimi Msukuma wa Kongowe, Kibaha, na Wazaramo ni watani zangu. Kwa hiyo Adamu alipofariki tulikwenda kwao Msimbu, huko Kisarawe, mama akiwa na kanga zake za msiba, mimi na uchokozi wangu. Mtani msibani ana ruhusa: anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa, na hakuna wa kumnunia.

Adamu alipigana vita vya Kagera. Vita vilipokwisha alirudi na mguu wa kuchechemea na mke wa Kiganda, Evaline. Miaka minane sasa, na Evaline hajamwambia mtu wa Msimbu neno hata moja la Kiswahili. Anazungumza Kizaramo cha kuokoteza alichofundishwa na mama mkwe, basi. Ukimsemesha Kiswahili anatazama chini.

"Maringo tu," Dina, dada wa marehemu, aliniambia siku ya pili ya matanga. "Lugha ya taifa zima yeye anaiona taka. Kikao kikikaa leo nasema arudi kwao. Watoto watabaki."

"Wifi gani wewe! Hata pilau ya msiba haijapoa."

"Nyamaza, mchunga ng'ombe. Mbona kazi iliyokuleta huifanyi?"

Akanitolea sandukuni magwanda ya jeshi ya kaka yake. Nikavaa, nikabeba mchi begani kama bunduki, nikaingia uani nikichechemea.

"Kushoto, kulia! Nyie Wazaramo, mmenizika na njaa yangu!"

Watu wakavunjika mbavu. Hata mama yake Adamu alicheka, machozi yakimtoka. Nikanogewa. Nikaenda kugonga mlango wa mjane kwa mchi.

"Fungua! Toka nje! Mikono juu!"

Mlango ukafunguka. Evaline akatoka, mikono juu kweli, akapiga magoti vumbini, wanawe wawili amewakinga kwa mgongo. Nikasubiri acheke.

"Ndiyo, afande," akasema. Kwa Kiswahili. "Baba mlichukua. Kaka mlichukua. Hawa wadogo, afande. Peleka mimi."

Mchi ukanidondoka. Kumbe Kiswahili alikijua siku zote. Alikijua kwa askari waliokwenda nyumbani kwao na bunduki, na sisi tulikuwa tunamnunia kwa kuwa hakitumii kutusalimia.

"Vua!" mama yake Adamu akanipigia kelele. "Mwanangu hakuyavaa hayo humu ndani hata siku moja!"

Nikavua pale pale, nikabaki na singlendi na bukta mbele ya wazee. Hakucheka mtu. Nikamwambia Evaline, "Shemeji, ni mimi, Limbu. Natania." Lakini hicho nacho kilikuwa Kiswahili, na kila neno lilizidi kumwinamisha.

Dina ndiye aliyemfuata. Alipiga magoti mbele yake, akamsemesha Kizaramo polepole, maneno ambayo mimi sikuyaelewa, mpaka mikono ile ikashuka, mmoja, halafu wa pili.

Kikao kilikaa alasiri. Baba yao mdogo, mzee Simoni, akauliza, "Dina, ulikuwa na neno juu ya mjane."

"Sina, baba."

"Asubuhi ulisema arudi kwao."

"Kwao kwa nani?" Dina akasema.