Shamba la Mama Efrazia

Mume wangu Benjamini hanywi pombe wala havuti sigara. Ulevi wake ni mmoja: lazima kompyuta zetu ziwe na Linux ile ile ambayo wacheza gemu wengi duniani wanaitumia mwezi huo.

Tuna chumba cha gemu Lushoto mjini, nyuma ya duka la viatu. Kompyuta zetu ni za mtumba, na Windows mpya haikuzikubali kwa sababu zimezeeka. Tukaziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio wa bure, zikafufuka. Shida ni kwamba Linux ina aina nyingi, vijana wanaziita distro: Mint, Ubuntu, Bazzite, CachyOS, na nyingine sizijui. Kila moja ina mashabiki wanaoitetea kama Simba na Yanga. Takwimu zikitoka mtandaoni kuonyesha ipi inapendwa na wacheza gemu, Benjamini na Jafari, kinyozi wa jirani, hubishana hadi wateja wa Jafari wanaondoka na nywele nusu.

Sisi tulikuwa na Mint. Jafari akatucheka. "Hiyo ni distro ya wastaafu, shemeji. Watu wa gemu wameshahama."

"Wamehamia wapi?" nikamuuliza. "Hapa mbona viti vimejaa?"

Kati ya hao waliojaza viti alikuwemo mama Efrazia, mjane wa kijiji cha Gare anayelima karoti na kabichi. Siku za soko, akishauza, alikuja kwetu, akavua kandambili mlangoni japo tulimkataza, akakaa kwenye kompyuta ya dirishani. Alicheza gemu ya shamba. Siku ya kwanza nilishangaa.

"Mama, si umetoka shamba sasa hivi? Hujachoka kulima?"

"Huku hakuna dalali, mwanangu," akanijibu bila kugeuza shingo.

Tangu masika alikuwa amejenga shamba la kutamanisha. Zabibu mlimani, mfereji wa maji, ng'ombe aliowapa majina ya wifi zake. Watu walisimama nyuma ya kiti chake kutazama tu. Kazi yote hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ile, kwa sababu bando letu la intaneti halitoshi kuhifadhi vitu mtandaoni.

Basi Benjamini akaniambia anataka kupiga distro mpya kwenye mashine zote. Sikumkatalia. Nilimwambia jambo moja: "Baba Janeth, kwanza nakili kazi za watu kwenye flashi, maana hiyo ikiingia inafuta kila kitu."

"Nitanakili."

Siku ya soko iliyofuata mama Efrazia alikuja, nikamwamkia, akaketi. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimebadilika rangi. Akaifungua gemu yake, akatafuta, akafunga, akafungua tena. Kisha akamwita Benjamini.

"Shamba langu liko wapi?"

"Ah, mama, tumehamia distro inayopendwa sasa hivi. Kwenye hii gemu zitakimbia zaidi."

"Nimekuuliza shamba."

Benjamini akakuna kichwa. "Lile limefutika. Lakini utaanza upya. Si gemu tu, mama?"

Mama Efrazia akasimama taratibu.

"Mwaka jana mvua ilipochukua karoti zangu, watu waliniambia hivyo hivyo, utaanza upya. Ile ilikuwa mvua, haina masikio. Wewe unayo. Hao wanaopenda hiyo Linux yako, ni wangapi walioketi humu ndani? Ulimuuliza nani?"

Akamalizia kwa Kishambaa, maneno ambayo mama wa rika lake hamwambii mtu hadharani bure. Akavaa kandambili, akaenda.

Nikamgeukia Benjamini. "Flashi iko wapi?" Benjamini akaitoa mfukoni. Nikaichomeka: ilikuwa tupu.

Jumapili baada ya ibada nilimlazimisha twende Gare kuomba radhi. Njia nzima alijitetea: hakujua kama shamba limo humo, mashine ni nyingi, alichanganyikiwa. Mama Efrazia alitupokea vizuri, akatupa chai na viazi. Benjamini akasema pole zake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nina swali moja. Kabla hujafuta, uliliona?"

Benjamini akatazama kikombe.

"Nijibu, baba."

"Niliifungua gemu," akasema. "Nikaona zabibu, nikaona ng'ombe. Nikasema huyu mama kajitahidi. Lakini nilikuwa nimeshapakua ile mpya na bando lilikuwa linakwisha. Nikaona nisichelewe."

Niliweka viazi chini. Kumbe alijua! Aliliona shamba la mtu, akalisifia, akalifuta, ili asipitwe na watu asiowajua, wa nchi ambazo hata yeye hajui ziko wapi!

"Ahsante kwa kusema kweli," mama Efrazia akasema. "Chai isipoe."

Tulirudi mjini. Kesho yake nilibadilisha neno la siri la kila kompyuta, nikamwambia Benjamini kazi yake sasa ni kupokea wateja na kufagia. Alinuna, akasema namwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia aibu ameitafuta mwenyewe. Jafari alikuja kumtetea, kwamba distro ile kweli ni nzuri. Nikamwambia sina ugomvi na distro. Hata iwe ya dhahabu, haiwi ruhusa ya kufuta kazi ya mtu.

Mama Efrazia hajarudi. Tunakutana sokoni, ananiuliza hali ya Janeth, ananichagulia karoti, tunaagana vizuri. Kile chumba hakitaji, na mimi sina uso wa kumkaribisha. Benjamini anasema nimekuza jambo dogo. Kila akisema hivyo, hasira yangu inaanza upya kama ya siku ile ile.