Kiti Chini ya Kuba

Belosava alichomeka kijiti chake cha kusokotea sufu kati ya jiwe na jiwe la kuba la kanisa jipya, kikazama kama kwenye jibini. Alipokichomoa, ncha ilikuwa nyeupe na imelowa.

"Chokaa bado mbichi," akamwambia mumewe. "Ukizigonga kabari zitoke leo, kuba lote litakushukia kichwani."

Radonya, seremala wa mihimili ya mbao iliyoshikilia kuba mpaka likauke, alikuwa ameshashika nyundo. "Sasa nifanyeje, mke wangu? Bwana Grubesha kasema iwe kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Demetrio. Mwenye nguvu mpishe."

"Mpishe wewe. Mimi sitaki ujane."

Na haki yake asitake! Yeye ndiye mchoma chokaa wa bonde lile, kama baba yake. Chokaa nzuri, iliyolala shimoni miaka mitatu, ilikuwepo tele. Bwana Grubesha akaichota yote kuupaka mnara wake ung'ae, kisha akataka kanisa lijengwe kwa chokaa ya wiki mbili. Vijiji vitatu vilimburutia mawe kwa zamu kiangazi kizima, kwa mkate mweusi na kitunguu, ujira wao ati uko Mbinguni. Sasa alitaka mihimili itolewe kabla mafundi hawajatawanyika kwa baridi, ili mchoraji amchore ukutani amelibeba kanisa mkononi, kama wachorwavyo wajenzi wa makanisa. Mkono ambao haujawahi kubeba hata kokoto!

Bwana akafika, farasi akihema. "Mbona sisikii nyundo?"

"Chokaa haijashika, Bwana mkubwa," Belosava akasema. "Ipe hadi sikukuu ya Mtakatifu Georgi."

"Miezi sita? Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama."

"Matumbo hupona, Bwana. Shingo haiponi."

Mafundi wakachekea ndevuni. Bwana akaiva uso. "Radonya! Gonga, au nyumba yako naichoma moto!"

Radonya akainua nyundo. Belosava aliogopa, aliogopa kweli, lakini hakurudi nyuma. Alikiendea kiti cha Bwana, kilichoandaliwa kwa siku ya kutabaruku kanisa, akakiburuta mpaka katikati, chini ya kuba. Kando yake akapindua ndoo ya chokaa, akakaa.

"Desturi yetu tangu mababu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "mihimili ikitolewa, mwenye kanisa na mchoma chokaa hukaa chini ya kuba. Mimi nipo. Haya, kanisa la nani hili?"

Watu walishajaa mlangoni, na hakuna asiyeijua desturi ile. Bwana akatazama kiti, akatazama juu. Tone jeupe likaanguka, ta, katikati ya kiti.

"Acheni mpaka Mtakatifu Georgi," akasema, utadhani ni wazo lake, akapanda farasi.

Wakalifunika kuba kwa majani makavu na samadi lisipasuliwe na barafu, baridi kali ikapita. Sikukuu ya Mtakatifu Georgi ilipofika, Belosava akachomeka kijiti pale pale, kikavunjika. Akakaa juu ya ndoo. Kiti cha Bwana kando yake kilikuwa kitupu: Bwana alituma habari kuwa ana homa.

Radonya akagonga kabari moja, nyingine, ya mwisho. Mihimili ikaporomokea pembeni kwa kishindo, vumbi likatanda. Lilipotulia, kuba lilikuwa pale pale, na mumewe chini yake, mzima. Belosava akalia mbele za watu, wala hakuona aibu.

Kisha akashika aproni yake, akapangusa vumbi la kile kiti.

"Haya, mwiteni mwenye kanisa," akasema. "Mwambieni pamekauka."