Kakakuona Wangu na Chura wa Nkwabi

Chura ni chura tu. Nitasema hivyo mpaka naingia kaburini, na anayebisha ni shabiki wa Nkwabi.

Huyo Nkwabi ngoma nilimfundisha mimi, hapa Mkolani, kabla hajahamia Usagara na kuanzisha kundi lake. Biashara zilipofunguliwa na mitumba ikajaa, akawavalisha wachezaji wake jezi za njano, basi watu wakaanza kumwita manju. Iliniuma. Manju wa ngoma huku ni mimi, Mihayo.

Baada ya mavuno tukashindana Buhongwa. Kwetu Wasukuma makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mimi nilileta kakakuona kutoka msituni Geita, mnyama wa heshima anayetabiri mwaka. Unamwekea unga, mkuki na maji. Akigusa unga ni shibe, mkuki ni vita, maji ni mvua. Nkwabi alileta chura wa majaruba ya mpunga, kamkalisha kichwani.

Ngoma zilipolia, kakakuona wangu akajikunja. Kadiri tulivyopiga ndivyo alivyozidi kujikaza. Kule chura akaruka kutoka kichwani kwa Nkwabi hadi kwenye kilemba cha mama mmoja, watu wakavunjika mbavu. Watazamaji wangu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mke wangu, Wilhelmina, naye akanyanyua kigoda chake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Baba Rose, mnyama wako hata uso hatujauona," alisema, akaenda.

Nikawaambia wapigaji waache, nikakaa chini. Ngoma zetu ziliponyamaza, kakakuona akajikunjua. Akaupita unga, akaupita mkuki, akatia mdomo kwenye maji, akanywa.

Tulikuwa tumetoka kwenye ukame mbaya. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti yangu yote kwamba mnyama amechagua maji, mwaka huu mvua ipo. Uwanja mzima ukanigeukia. Watu wakaja mbio, Wilhelmina akiwa mbele, nami nikaona Nkwabi kabaki na jezi zake.

Wilhelmina akautazama mdomo uliolowa, uso ukamng'aa.

"Kumbe ndiyo maana chura alikuwa anaruka vile," alisema. "Alishajua."

Wakarudi wote kumbeba Nkwabi na chura wake. Vigelegele vilipopanda, kakakuona wangu akajikunja tena.