Mguu Utakaotangulia

...na bado gamba limekwama mgongoni, limepasuka kidogo tu kama muhogo uliochemka, Hirrimo analisikia likimbana mabegani, hawezi kusogea, hawezi kusema, kinywa ndicho kinachotoka mwisho, ndivyo walivyoumbwa watu wote wa kichuguu, awe Baba Mkuu kama yeye au mbeba kuni, na huko nje ya ngozi yake ya zamani wanamngoja, anawasikia kwa mbali kama mtu aliyejifunika blanketi, "Sogea, unanikanyaga," "Una miguu sita, dada, nikwepe upi?" wanacheka, wanacheka na yai la Tiksa liko pale mbele yake juu ya jani, yai moja lililotagwa nje ya msimu, mguu wa mbele wa kulia ukitangulia kutoka gambani litarudishwa chumba cha joto, ukitangulia wa kushoto litapelekwa kileleni, juani, ndege wajichukulie, ndiyo hukumu, haisemwi, hutoka kwenye mwili wa Baba Mkuu, na kinywa kikija kufunguka yai huwa limeshaenda... na wa kushoto umeanza kuteleza, anauhisi, laini, umelowa, una haraka, we mguu ngoja, ngoja kidogo, anausukuma wa kulia na wa kulia umelala tu, umekwama gotini, palepale kwenye kovu, kovu la lini lile... la utotoni, alianguka kwenye ngazi ya ghala la uyoga, mama akampaka utomvu, akamwambia, "Nyamaza mwanangu, utapona, ila upande huo utakuwa mzito kidogo," mzito kidogo, mama, mzito kidogo... "Baba, nakuomba," hiyo ni sauti ya Tiksa, imekauka, "sina lingine, Baba, ni hili tu," na Zukri mlezi wa mayai anamkatiza, "Tulia we binti, humwombi yeye, hukumu inatoka juu," inatoka juu, Hirrimo mwenyewe ndiye aliyewafundisha maneno hayo, na mwaka wa mafuriko ulitangulia wa kushoto, na mwaka wa ukungu, wa kushoto, na yai la Zukri huyuhuyu, wa kushoto, akainama akashukuru, akasema mbingu zimeona mbali, mara saba amejivua gamba mbele yao na mara saba wa kushoto, akajiona mtumishi mwaminifu, hakuuliza, kwa nini hakuuliza, mbingu gani zisizobadili neno hata mara moja... si mbingu, ni goti, goti lililoumia ghalani, mayai saba, ee mama, mayai saba kwa ajili ya ngazi ya uyoga, anataka kupiga kelele na kinywa kiko ndani ya kinywa kingine, sauti inarudi kumgonga yeye mwenyewe, gamba linatetemeka na nje wote wanainama, "Mmeona? Anaongea na mbingu," Zukri ananong'ona kwa heshima, na Tiksa amenyoosha kipapasio chake kimoja mpaka kwenye yai, ni mwiko, hakuna anayemkemea, na Hirrimo anakaza, wa kushoto unarudi kidogo, unateleza tena, jua limefika ukingoni mwa jani, na humu ndani hakuna wa kumwomba, miaka yote hii hakuwepo, kuna yeye na goti lake tu, basi analiomba hilo, we mguu wangu mbovu, wa mama, mara hii moja, tangulia...