Sponji Nyeusi

...na kama hakuiosha, mbona leo haina weusi ule wa jana, jana ilikuwa nyeusi kama masizi, aliigusa ikamwachia utelezi vidoleni, na leo, akiwa amechuchumaa mbele ya tangi kubwa la samaki, kidole juu ya swichi ya pampu, anaiona sponji imelala ndani ya ndoo ya chini, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, au ni mwanga tu, hapana, dirisha ni lile lile la jana, na yeye ni mpima ardhi, macho yake ndiyo yanayomlisha, mtu ameiosha, na humu ndani wapo wawili tu, yeye na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ambaye tangu wazike hajauweka ufagio chini, ambaye asubuhi ya pili aliifua foronya ya dada yake bila kuuliza, foronya iliyokuwa bado na harufu ya nywele zake, akaianika juani kama bendera, naye mjane wa kiume akasimama mlangoni akasema ahsante shemeji, maana angesema nini... kidole kiko pale pale, kazi yote imekwisha, meza ya chuma imekaa sawa, aliipima kwa pimamaji pembe zote nne, gundi ya vioo imekauka, maji yamejaa na yametulia, na pembeni chujio alilolitengeneza kwa mkono wake, ndoo tatu za rangi zilizopandana, kila moja imetobolewa kitako kwa msumari wa moto, ya juu ina vipande vya godoro vya kunasa takataka, ya kati kokoto, na ya chini sponji hii kuukuu iliyotoka kwenye tangi dogo la mkewe, na bila sponji hii yote hayo ni ndoo na maji tu, uchafu huu ndio unaowaweka hai, mkewe alikuwa akisema, humu wamo wadudu wasioonekana, wanakula sumu ya kinyesi cha samaki, ukiwatia sabuni umewaua, na baada yao samaki, na samaki ndio hao kumi kwenye tangi dogo karibu na mlango, wanafungua midomo na kufumba, ndio peke yao waliobaki humu waliolishwa na mkono wa mkewe... anainama, ananusa, je, hiyo si sabuni, au ni mikono yake mwenyewe, na ndoo ya bluu iliyoihifadhi sponji jana aliiacha ukutani, leo kaikuta chini ya ngazi, ndoo haina miguu, na sasa jikoni kifuniko cha sufuria kinaanguka, shemeji yuko kwenye simu, anajitia kunong'ona lakini sauti yake haijawahi kujua kunong'ona, hapana mama, bado hajui... nitamwambiaje na hali yenyewe ndiyo hii... eeh, akishamaliza hilo tangi lake... hajui nini, basi ndivyo, mama mkwe naye yumo, familia nzima inajua sponji imeoshwa isipokuwa yeye, watamwachia awahamishe samaki kwa furaha, kisha waje kumpa pole mara ya pili, shemeji, anaita, na sauti yake inatoka ya adabu kuliko alivyotaka, abee, ile ndoo ya bluu nani aliihamisha, mimi, jua lilikuwa linaichoma, na sponji umeiosha, hakuuliza, alitamka tu, naye akatokea mlangoni, mwiko mkononi, akicheka, niioshe mimi, shemeji, tangu lini umekuwa polisi, mimi naosha mpaka kivuli changu lakini hiyo sithubutu, dada angenifufukia, niliikamua mara moja tu, kwenye maji yao wenyewe, ilikuwa imeziba, kama alivyonionyesha... alikuonyesha lini, na kicheko kikakatika, mwiko ukashuka, ulipokuwa porini, unapima ile barabara, barabara, anawaza, lakini barabara ilikuwa kabla ya hospitali, kabla mtu yeyote hajatamka neno ugonjwa, kila jioni alipiga simu na kila jioni mkewe alimjibu tuko salama bwana, mimi na samaki wako tunapumua, kwa nini akuonyeshe wewe, ndoo alikuwa anabeba mwenyewe, alikuwa hawezi tena, shemeji, nilikuwa nakuja kumbebea, alisema ukijua utaacha kazi urudi ukae kumtazama, na yeye hataki kutazamwa, mama kanisumbua nikwambie, basi nimekwambia... basi kaambiwa, na sponji ni nzima, na njama ilikuwepo kweli, ila mkuu wake hakuwa huyu mwenye mwiko, alikuwa yule aliyelala naye kitanda kimoja, ni yeye aliyemficha, yeye aliyecheka kwenye simu huku mtu mwingine akimbebea maji, na ni wakati ule ule alipomwagiza fundi vioo tangi hili, naye mume aliporudi kutoka porini aligomba, samaki kumi, unawajengea bwawa, alidhani anataka kuwatambia majirani, mkewe akamjibu maji mengi yana subira, bwana, maji machache ukisahau siku moja yanageuka sumu, maji mengi husamehe, na ni nani asahauye katika nyumba hii, si mkewe, yeye aliwalisha samaki hata akiwa na homa, anayesahau ni huyu mpima ardhi, aliyeunguza birika mbili, anayetafuta miwani akiwa ameivaa... kwa hiyo halikuwa tangi lake, alijua hatakuwepo kulijaza, alikaa hapa kwenye kiti, bila kamba wala darubini, akampima mpima ardhi, akamkatia vioo vya saizi yake, maji ya kumtosha kusahau, asahau na samaki wasife...

Shemeji, unawasha au nirudi kwenye masufuria yangu, na anashtuka kwamba bado yupo, macho yake mekundu, mwiko unadondosha mchuzi sakafuni na safari hii hana haraka ya kuufuta, na maji yametulia vile vile, na samaki wanafungua midomo na kufumba, na kidole bado kiko juu ya swichi, ngoja, anasema, weka huo mwiko, njoo unishikie mpira huu wa pampu, na unionyeshe unavyoikamua sponji, polepole, nisije nikasahau.