Koleo la Nyumba ya Tansey

Padri wetu hapa Sligo akishindwa kumjibu mtu, humtuma kwangu. Ndivyo alivyofika Loretta kutoka Filadelfia, viatu vimelowa, macho yamevimba.

"Wewe ndiye Bibi Attracta? Tansey wa mwisho?"

"Wa mwisho aliye juu ya ardhi. Walio chini ni wengi, ila hawatoi chai. Ingia, mwanangu."

Alikuwa akiwatafuta wazazi wa babu yake, Malachy Tansey na Sabina Keaveney, waliovuka bahari kwenda Marekani. Ubatizo wao ameuona, meli yao ameijua, kaburi lao liko kule, halina jiwe. Ndoa tu ndiyo haionekani, si parokia ya bwana wala ya bibi. Na mama yake Loretta ni mgonjwa; anataka jiwe lisimame yeye angali hai, liandikwe "Sabina, mke wa Malachy". Mjomba wake Loretta amekataa katakata: bila cheti, hakuna kuandika mke.

"Mjomba wako ameoa?"

"Mara tatu."

"Basi ana vyeti vya ziada. Atuazime kimoja."

Akacheka, kisha akalia. Nikainama, nikashika koleo la kushikia makaa, nichochee moto.

"Hee! Hata sisi tunalo kama hilo," akasema. "La Bibi Sabina. Mama hugeuzia nyama uani."

Nikamgeukia nalo mkononi. "Mguu mmoja mfupi?"

"Umejuaje?"

Ningekosaje kujua! Nyumba hii, alikozaliwa Malachy, imetaniwa kwa koleo hilo tangu sijazaliwa. Baba yake Malachy alilivunja akimtupia jogoo wa jirani. Jogoo akapona, ukuta ukaumia. Mhunzi akaliunga, mguu ukapungua. Baadaye likatoweka, na mama yake Malachy akachochea moto kwa kijiti mpaka akafa, majirani wakimwita Mama Kijiti. Akiulizwa koleo liko wapi, alijibu, "Liko kwa mwenyewe." Watu wakasema uzee umemwingia kichwani.

"Sikia, mwanangu. Kwetu mama mkwe humkabidhi bibi harusi koleo: moto ni wako, nyumba ni yako. Hapewi mchumba, hapewi hawara. Mama yangu aliolewa kanisani mchana kweupe, na bado bibi yangu mzaa baba alilikumbatia koleo lake, hili jipya, mpaka akaingia jenezani."

"Kwa hiyo walioana?"

"Nani aliwafungisha, sijui. Sikuwepo, japo watoto wa jirani hudhani nilikuwepo. Labda Kwaresima iliwakuta, hakuna harusi, na meli haisubiri Pasaka. Lakini yule mama alimtoa mwanawe na koleo lake kwa pamoja, akabaki na kijiti. Mwambie mjomba wako alete shahidi mzito kuliko huyo."

Loretta akampigia mama yake palepale. Sauti nyembamba ikalia ndani ya simu: "Mungu wangu, nami nageuzia soseji!" Kisha: "Bibi Attracta, tutakurudishia."

"Thubutu! Koleo likirudi, bibi harusi amerudishwa kwao. Endelea na soseji zako, dada."

Masika ikaja picha. Jiwe limesimama, "mke wa" imechimbwa barabara, na chini yake mchongaji amechora koleo, mguu mmoja mfupi. Mama yake Loretta yuko kwenye kiti cha magurudumu, anacheka. Anayemshikia mwavuli ni yule mjomba.

Nimeitundika juu ya meko. Miaka yote tulidhani nyumba yetu iliibiwa, kumbe ilitoa. Jioni nikifunika makaa namshukuru Mungu, namshukuru Mama Kijiti, na jogoo yule simsahau.