Achia Msuli

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Wenzangu wa chumba cha upasuaji wananiita Mama Mapigo, kwa sababu wao wakipiga soga, macho yangu hayabanduki kwenye skrini. Wacheke tu. Mimi ni daktari wa usingizi, na mtu niliyemlaza hawezi kuniambia, "Dada, moyo unanienda vibaya." Mstari ule wa kijani ndio unaomsemea.

Asubuhi hiyo aliyelala alikuwa mtoto wa kike wa miaka sita, mwenye makengeza. Profesa, aliyenifundisha tangu sijui kushika sindano, alikuwa anamnyoosha jicho. Akapitisha ndoano chini ya msuli, akavuta.

Mapigo kwenye skrini: mia na kumi. Themanini. Hamsini.

Vilima vya mapigo kwenye mstari vilikuwa safi, ila vinazidi kuachana, kila kimoja kikichelewa kuliko kilichotangulia. Nilijua papo hapo: msuli wa jicho ukivutwa, moyo wa mtoto unaweza kufunga breki.

"Profesa, mapigo yanashuka."

"Waya umelegea huo, mwanangu. Hebu angalia waya." Hakuinua hata kichwa.

Nikaangalia waya unaotoka kifuani mwa mtoto kwenda kwenye skrini. Mungu anisamehe, niliinama nikaushika, nao umekaa imara. Nilipoinuka, mstari ulikuwa umelala.

"Achia msuli!" Sauti iliyonitoka sijawahi kumtolea hata mume wangu. "Achia sasa hivi!"

Akaachia. Muuguzi akaganda na mkasi mkononi. Nikasukuma dawa ya kuamsha mapigo huku nahesabu sekunde, jasho linanichuruzika ndani ya barakoa. Nne, tano, sita. Kilima kimoja. Kimya. Kingine. Kisha vikaanza kufuatana, na mimi nikakumbuka kupumua.

Tulisubiri mpaka mapigo yakatulia kabisa. Profesa akashika tena ndoano, akanigeukia.

"Naweza kuvuta, daktari?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniita hivyo.

Tulipomaliza, mama wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia viatu vya mwanawe. Profesa hakumficha kitu. Alimweleza yote, kisha akanisukuma mbele.

"Mshukuru huyu. Ndiye aliyeusoma moyo wa mwanao."

Mama akanikumbatia, analia. Nikampigapiga mgongoni, nikashindwa kumtazama usoni. Niliusoma, ndiyo. Niliusoma vizuri kabisa, halafu nikaenda kushika waya.